Ushahidi wa Tope

Kuna neno moja linalosemwa sana katika pwani yetu kila mvua inapochelewa. Mahindi yakinyauka Ganze, mbuzi wakifa Magarini, na wanawake wakitembea mwendo mrefu na madumu vichwani kutafuta maji, hakosi kutokea mtu barazani akasema kwa utulivu, "Ukame ulikuwako tangu zamani." Akisha kusema hivyo huketi, kana kwamba kesi imekwisha hukumiwa. Wenziwe huitikia kwa vichwa, kwa sababu neno alilolisema ni kweli, na kweli ina haiba yake hata ikiwa mkononi mwa mvivu.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Nina ugomvi na kazi linayotumwa kuifanya. Anayeuliza kwa nini kisima kimekauka huambiwa kuwa visima vilikauka zamani vile vile. Anayeuliza kwa nini bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kutu wakati wa masika huambiwa kuwa mito huleta tope tangu dunia kuumbwa. Na anayeuliza tutafanya nini mwaka ujao hatazamwi ila kwa mshangao, kama mtu aliyetaka kujua umri wa bahari. Basi maadamu zamani imetajwa mahakamani, na tuiite kweli kweli, isimame mbele yetu na kuhojiwa. Kisha tuone itamtetea nani.

Shahidi nitakayemwita kwanza ni tope lililo chini ya maziwa. Najua kuwa kijana msomaji huenda akacheka, maana tope kwetu ni kitu cha kukanyagwa na kuoshwa mguuni. Lakini autazame mtungi wa maji ya mto nyumbani kwao. Maji yakitulia usiku kucha, asubuhi mashapo huwa yametua chini. Ukiongeza maji mengine pasipo kuuosha mtungi, mashapo ya pili hulala juu ya yale ya kwanza. Ziwa ni mtungi ambao haukupata kuoshwa kwa maelfu ya miaka. Kila mwaka mito, mvua na upepo huingiza ndani yake vumbi, chavua ya maua, majivu ya mioto ya nyika na mabaki ya wadudu. Vyote huzama na kulala kwa zamu, cha kale chini na cha jana juu.

Watu wenye elimu hiyo huenda katikati ya ziwa, wakashusha neli ndefu, wakaisukuma ndani ya tope polepole, na kuitoa ikiwa na mche mzima usiovurugika, mfano wa mche wa sabuni. Mmoja wa waliobuni chombo chepesi cha kazi hiyo ni Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyetangaza chombo chake mwaka 1955, na baadaye akaja kuchimba matope ya maziwa ya Afrika Mashariki. Asichanganywe na David Livingstone, yule mmisionari, ambaye aliyapita maziwa ya bara letu akiyatazama juu tu.

Mche ukisha kukatwa vipande, husomwa. Katika maji ya ziwa mnaishi viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo diatomu. Kila kimoja hujijengea ganda mfano wa kioo, na kila aina ina ganda la umbo lake. Ziko aina zinazopenda maji matamu na ziko aina zinazostahimili chumvi. Ziwa likipungua kwa uhaba wa mvua, chumvi hukolea. Wapenda maji matamu hupotea na wavumilivu wa chumvi huchukua nafasi yao. Na magamba yao hubaki katika tope yakisimulia habari hiyo. Viluwiluwi vya wadudu wa jamii ya usubi navyo huacha vichwa vyao vigumu, nao ni mashahidi wa namna hiyo hiyo. Ama umri wa tope hupimwa kwa kaboni, maana kila kilichokuwa hai kina kaboni ya namna fulani ambayo baada ya kufa kwake hupungua kwa mwendo ujulikanao, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi.

Mwaka 2000 Dirk Verschuren, mtaalamu wa Ubelgiji, pamoja na Kathleen Laird na Brian Cumming waliofanya kazi Kanada, walitangaza habari waliyoisoma katika tope la Ziwa Naivasha. Tope hilo lilitolewa katika shimo la volkano lililozama karibu na Kisiwa cha Crescent, mahali ambapo maji hubaki hata sehemu nyingine za ziwa zikikaribia kukauka. Habari yenyewe ni ya miaka 1,100. Tangu mwaka 1000 mpaka 1270 hivi nchi ilikuwa kavu kuliko siku hizi. Kisha ikaja zamani ya unyevu mpaka kadiri ya mwaka 1850; lakini ndani ya unyevu huo zilikatiza nyakati tatu za ukame mrefu, yaani tangu 1380 mpaka 1420, tangu 1560 mpaka 1620, na tangu 1760 mpaka 1840. Miaka hiyo ni ya kukadiria, kwa kuwa tope halina saa. Lakini ukali wake ulipita ukame wo wote ulioandikwa katika karne ya 20.

Msemaji wetu wa barazani akisikia hayo ataruka kwa furaha. "Sikuwaambia?" atauliza. Naam, alituambia. Tena tope limempa zaidi ya alichoomba, na hapo ndipo taabu yake inapoanza.

Hebu tuhesabu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mpaka mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua, mmoja baada ya mwingine, ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia, na jimbo la Kilifi lilikuwamo katika msiba huo. Misimu mitano haijai miaka mitatu. Walakini ilitosha kuwafukarisha wafugaji, kuwatoa watoto shuleni, na kuzifanya serikali zipitishe bakuli mbele ya mataifa. Ukame wa pili wa Naivasha ulidumu miaka 60. Maana yake si kwamba halikuanguka hata tone kwa miaka 60, kwa kuwa hapangalisalia mtu. Ni kwamba miaka mibaya ilikuwa mingi na mizuri ilikuwa michache, hata ziwa lisipate kujaa tena. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwake aliweza kuoa, kupata wajukuu na kuzikwa bila kuliona ziwa katika ujazo ambao babu yake aliuita wa kawaida.

Msemaji wetu huleta habari hii kama mto wa kulalia. Mimi naisikia kama mbiu ya mgambo. Maji yanywewayo Malindi, Kilifi na sehemu kubwa ya Mombasa hutoka Baricho, katika visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki. Kazi za namna hiyo hukadiriwa kwa vipimo vya mvua na vya mto, na vipimo hivyo vilianza kuandikwa pwani katika siku za ukoloni wa Waingereza. Havijatimiza miaka 150. Ndani ya daftari hilo hamna ukame wa miaka 40, wala wa 60, wala wa 80. Daftari halina kosa, ila umri wake ni mdogo. Mtu anayewakadiria wajukuu wake maji kwa daftari hilo peke yake ni sawa na mtu anayejenga nyumba ufukweni baada ya kutazama bamvua moja.

Hapo atainuka mwingine mwenye ramani mkononi, aseme kuwa Naivasha iko bara, katika Bonde la Ufa, na mvua yao si mvua yetu. Nakubali kuwa masika ya pwani yana tabia yake. Lakini ramani hiyo hiyo na aifuate kwa kidole. Mto Athi huanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapita Ukambani. Mto Tsavo huleta maji ya upande wa Kilimanjaro. Mito hiyo miwili ikikutana huitwa Galana, nao Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Mtu wa Malindi akifungua bomba lake anakunywa mvua iliyowanyeshea watu asiowajua, mbali kabisa na minazi yake. Kiu yetu huanzia bara.

Tena liko ziwa jingine, dogo, katika mpaka wa Kenya na Tanzania karibu na Taveta. Jina lake ni Chala. Limo ndani ya shimo la volkano chini ya Kilimanjaro, upande wa mashariki. Kingo zake ni za kuporomoka ghafula, na vilindini hamna hewa ya kuwatosha wadudu wa kufukua na kuvuruga tope. Kwa sababu hiyo tope la Chala limejipanga utando kwa utando: utando mweupe wa diatomu kwa majira makavu yanapovuma pepo za kusi, na utando mweusi kwa majira ya mvua. Jozi moja ni mwaka mmoja, na mtu aweza kuzihesabu kama kurasa za kitabu. Christian Wolff na wenzake walizihesabu, na mwaka 2011 wakatangaza kuwa katika zamani ya baridi kuu, miaka 20,000 hivi iliyopita, mvua za upande huu zilitofautiana kidogo tu kutoka mwaka hadi mwaka, kuliko zinavyotofautiana katika miaka 3,000 ya karibu. Kwa maneno mengine, dunia ilipopata joto mvua zetu zilipata wazimu. Mwaka 2016 Chala lilichimbwa tena, likatoa tope la zaidi ya mita 214, lenye habari ya miaka kadiri ya 250,000. Hicho ni kitabu chenye kurasa nyingi mno.

Kabla sijaendelea, sina budi kuwakemea kidogo watu wa upande wangu mwenyewe. Wako walioipenda elimu hii ya tope hata wakaifanya ufunguo wa kila mlango. Wakisikia kuwa mji wa Gede, uliopo kati ya Malindi na Kilifi, uliachwa na watu wake mwanzoni mwa karne ya 17, na kuwa Naivasha ilikuwa na ukame tangu 1560 mpaka 1620, papo hapo hutangaza kuwa Gede iliuawa na kiu. Dalili ipo. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu yale mwaka 1948, alikuta kisima kilichokuwa kimeongezwa kina, naye aliona huenda maji ya chini ya ardhi yalishuka. Lakini miaka ile haikuwa na ukame peke yake. Mwaka 1589 Wazimba walifika mpaka Malindi wakiangamiza miji njiani, wakashindwa hapo kwa msaada wa Wasegeju. Wareno walishika Mombasa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akahamia huko pamoja na biashara yake. Waoromo, walioitwa Wagala katika vitabu vya zamani, walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Mji uliokuwa na misikiti, majumba ya mawe na vyombo vya kaure kutoka Uchina unaweza kufa kwa sababu nyingi kwa pamoja, na huenda kiu ilikuwa moja tu kati ya hizo, tena si ya kwanza. Tope hueleza mvua. Haliwezi kutuambia nani alimkimbia nani, wala nani alikataa kumpa jirani yake maji. Anayelilazimisha kusema hayo hana heshima kwa shahidi wake.

Sasa namwita shahidi wa pili, na huyu ni mwenyeji wetu wa Malindi. Ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968 yamo matumbawe makubwa yaliyoishi kwa karne nyingi. Tumbawe hukua kwa tabaka, mwaka juu ya mwaka, na kila tabaka huhifadhi kidogo ya kile kilichokuwamo majini siku hizo. Mto ukileta udongo mwingi, tumbawe hunasa madini yaitwayo bariamu yanayokuja na udongo huo. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann, Robert Dunbar na wenzao walitangaza habari ya miaka 300 waliyoisoma katika tumbawe la Malindi. Tangu mwaka 1700 mpaka 1900 udongo wa Sabaki ulifika baharini kwa kiasi ambacho hakikubadilika sana. Tangu 1900 ukaanza kupanda, ukaendelea kupanda. Kati ya 1974 na 1980 ukafika mara 5 mpaka 10 ya kiasi cha asili.

Tarehe hizo na zitazamwe kwa makini, maana ndizo zinazomvunja msemaji wetu mgongo. Ndani ya ile miaka 200 ya utulivu umo ukame wa tatu wa Naivasha, ule wa 1760 mpaka 1840, mrefu kuliko umri wa mtu. Ardhi ilikauka, kisha mvua zikarudi na kuipiga ardhi iliyokauka. Na bado mto haukubeba udongo kama ubebavyo leo. Ikiwa wekundu wa bahari yetu ni kazi ya ukame na mvua tu, kwa nini uliingoja karne ya 20?

Jibu limo katika historia ya nchi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Walowezi wakafuata, wakatwaa ardhi nzuri, misitu ikafyekwa, wenyeji wakawekewa mipaka ambayo idadi yao na ya mifugo yao iliongezeka ndani yake pasipo nafasi ya kupanuka. Milima ya Ukambani ikachunika ngozi. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni walipoona makorongo hayo walimtafuta mkosaji, wakamwona ng'ombe wa Mkamba. Mwaka 1938 mifugo ikachukuliwa kwa nguvu ili ipunguzwe. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu mpaka Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Malipo yake yakawa kuhamishwa kwao na kuwekwa kizuizini Lamu. Hivyo mtu aliyesema kuwa watu wake wamebanwa alitupwa kwenye pwani hii hii ambayo udongo wa nchi yake ulikuwa ukishukia. Hata hivyo tusifarijike upesi. Kilele cha mmomonyoko kilichoandikwa katika tumbawe ni cha miaka ya 1974 mpaka 1980, na wakati huo bendera iliyokuwa ikipepea Machakos na Malindi ilikuwa yetu wenyewe.

Tumbawe lina neno jingine. Mwaka 2000 Julia Cole, Robert Dunbar, Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga walitangaza habari ya miaka 194 waliyoipata kwa kupima oksijeni iliyofungwa ndani ya tumbawe la Malindi, ambayo hubadilika kwa joto la maji. Waliona kuwa tangu mwanzoni mwa karne ya 19 bahari yetu imeongezeka joto kwa kiasi kifikacho nyuzi 1.3. Mvuvi aliyeona matumbawe ya pwani hii yakigeuka meupe na kufa kwa wingi mwaka 1998 hahitaji kufafanuliwa joto la bahari ni nini. Nalo tope la Chala, liliposomwa tena, habari yake iliyotangazwa mwaka 2023 ilionyesha jambo zito: katika zamani za baridi, joto likizidi unyevu nao ulizidi, lakini tangu miaka 11,700 hivi iliyopita, joto lilipofika kadiri ya siku zetu, mambo yaligeuka, na kila joto lilipoongezeka upande huu ulikauka. Sasa joto linaongezwa na moshi wa viwanda na magari ya dunia, ambao Kilifi imechangia kidogo mno.

Kwa hiyo neno la "tangu zamani" haliwezi kutumika kumwachilia mtu. Watu walikufa tangu zamani kwa maradhi na kwa uzee. Je, hakimu amwachilie muuaji kwa sababu kifo kilikuwako tangu zamani? Hapana, atauliza huyu aliyelala hapa amekufaje. Ndivyo inavyotupasa kuuliza kwa kila kisima kilichokauka na kila shamba lililochukuliwa na maji: fungu gani ni la tabia ya nchi, na fungu gani ni la mikono ya watu? Tope na tumbawe huyatenga mafungu hayo mawili kwa kadiri ambayo akili tupu haiwezi. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya ile misimu mitano mikavu, mvua za El Niño zilinyesha kwa nguvu na Sabaki ukafurika. Barazani pakasemwa kuwa mafuriko nayo yalikuwako tangu zamani. Yalikuwako, lakini udongo yaliokuta umelegea milimani haukuwa umelegea hivyo mwaka 1800. Akisimama tena msemaji huyo, vijana mwulizeni anataja zamani ipi: ile ya 1270, ile ya 1560, au ile ya 1974.

Wengine watanishitaki kuwa nawavunjia heshima wazee kwa kuwatanguliza wadudu na chumvi mbele ya masimulizi yao. Shitaka hilo halisimami. Waliosoma tope la Naivasha walilinganisha nyakati zake za ukame na masimulizi ya njaa, vita na kuhama yaliyohifadhiwa na mataifa ya Afrika Mashariki, wakakuta yanakubaliana. Wakamba hawakungoja mtu wa neli kuwaambia habari ya njaa ya mwaka 1898 na 1899. Waliipa jina, Ngomanisye, kwa kuwa iliingia kila mahali. Masimulizi yana uchungu ambao tope halina. Upungufu wake ni kwamba huchoka njiani: baada ya vizazi kadha njaa mbili huwa moja, na jina hubaki pasipo mwaka. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema neno moja, hakimu mwenye busara huwasikiliza wote wawili.

Iko lawama ya mwisho, na hiyo inanichoma zaidi. Majina niliyoyataja katika insha hii karibu yote ni ya wageni. Tope la Naivasha na la Chala limesomwa zaidi katika maabara za Ulaya na Marekani, na habari zake zimeandikwa kwa lugha na katika majarida ambayo mkulima wa Ganze hayaoni. Wapo wanaosema kuwa kwa sababu hiyo tuiache elimu hii, ni mambo ya wazungu. Huo ni ujinga uliovikwa joho la uzalendo. Ziwa ni letu, mto ni wetu, na kiu ni yetu. Kitu pekee tulichowaachia wengine ni usomaji. Nyawira Muthiga, binti wa Kenya, alikuwa mmoja wa wanne waliolisemesha tumbawe la Malindi, na alifanya hivyo bila kungoja mtu atangaze kuwa kazi hiyo inamfaa. Kilifi sasa ina Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Jimbo lina wahandisi wa maji ambao wangeweza kuziweka tarehe za Naivasha na Chala ukutani, kando ya orodha ya vipimo vya mvua, kabla hawajachora kisima kingine au bwawa jingine. Na shule za sekondari za pwani zina vijana wanaoijua hesabu, kemia na jiografia, ambao hupelekwa kila mwaka kutazama magofu ya Gede na nguzo ya Vasco da Gama, nao hurudi wakijua aliyefika Malindi mwaka 1498 bila kujua mvua ilivyokuwa mwaka huo. Kutoka Kilifi mpaka Taveta, lilipo Ziwa Chala, ni safari ya siku moja kwa basi.